Jinsi ya kusoma protini za maungio ya seli kwenye chunjua na saratani ya ngozi

Ukiletewa slaidi ya chunjua iliyopakwa rangi ya kadherini-E, protini inayoshikanisha seli na seli, swali linalomjia kila mtu kwanza ni hili: ipo au haipo? Swali hilo halifiki mbali. Karibu kila kidonda cha ngozi utakachokitazama kina protini hiyo kwa kiasi fulani, hata saratani iliyokwisha kuchimba mpaka kwenye mafuta. Swali lenye kazi ni: ipo wapi? Imekaa kwenye utando wa seli, imezagaa kwenye saitoplazimu, au imeingia kwenye kiini? Ni tabaka lipi la ngozi? Ni katikati ya uvimbe au kwenye ncha inayopenya?

Hatua zinazofuata zimepangwa kwa ajili ya swali hilo. Ni za mwanafunzi wa patholojia, mtaalamu wa maabara, na yeyote anayeanza utafiti mdogo wa chunjua, vidonda vya awali na saratani ya seli bapa, ile inayoitwa pia skwamasi. Si mwongozo wa kujipima. Mwenye kidonda kinachokua, kinachotoka damu au kisichopona aende kwa daktari wa ngozi, na jibu lake litatoka kwanza kwenye rangi ya kawaida ya himatoksilini na eosini, si kwenye kingamwili za hatua hizi, yaani zile za maabara zinazonasa protini moja na kuionyesha kwa rangi.

Hatua ya 1: Ijue ngozi nzima kabla ya kugusa iliyougua

Chukua slaidi ya ngozi isiyo na ugonjwa na uipitie tabaka kwa tabaka: tabaka la chini lililokaa juu ya utando wa msingi, tabaka la miiba, tabaka la chembechembe, na tabaka la pembe ambalo seli zake zimekufa. Kila familia ya maungio ina mahali pake, na usipojua mahali hapo hutatambua kilichohama.

Maungio shikizi yanajengwa na kadherini-E. Sehemu yake ya nje hushikana na kadherini ya seli ya jirani, na haiwezi kufanya hivyo bila kalsiamu. Sehemu ya ndani hushika beta-katenini na p120, na kupitia alfa-katenini hufungwa kwenye nyuzi za aktini. Kwenye ngozi nzima utaona mstari usiokatika ukizunguka kila seli, kuanzia tabaka la chini hadi la chembechembe. Upande wa seli za chini unaotazama utando wa msingi huwa mweupe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: huko hakuna seli ya kushikana nayo.

Desmosomu ndizo zinazobeba mzigo wa kuvutwa na kusuguliwa, kwa kuwa zimefungwa kwenye keratini. Humo mna desmogleini, desmokolini, plakoglobini, plakofilini na desmoplakini. Desmogleini-3 hukaa zaidi tabaka za chini, desmogleini-1 zaidi tabaka za juu. Magonjwa yenyewe yanathibitisha mpangilio huu. Sumu ya bakteria wa Staphylococcus aureus hukata desmogleini-1 peke yake, ndiyo maana lengelenge la impetigo huwa juujuu na hupasuka upesi. Kwenye pemfigasi ya kawaida, ugonjwa wa malengelenge, kingamwili za mgonjwa mwenyewe hushambulia desmogleini-3, na ngozi huachana juu kidogo ya tabaka la chini.

Maungio kaza yana klaudini, okludini na ZO-1. Kizuizi chenyewe cha maji kiko kwenye tabaka la chembechembe, na okludini utaiona hapo tu. Klaudini-1 lakini huonekana karibu tabaka zote, kwa hiyo usishtuke ukiikuta chini. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila klaudini-1 hufa ndani ya siku moja kwa kupoteza maji kupitia ngozi. Kwa nje ngozi yao ilikuwa na tabaka zote.

Mwisho ni maungio ya upenyo, yaani njia ndogo zinazopitisha ioni na molekuli zenye uzito wa hadi dalton 1,000 hivi kutoka seli hadi seli. Yanajengwa na koneksini: sita hufanya nusu ya njia, na nusu mbili zikikutana njia inafunguka. Binadamu ana jeni 21 za koneksini, na kila protini huitwa kwa uzito wake katika kilodalton. Koneksini-43 ni ya kawaida kwenye ngozi. Koneksini-26 kwenye ngozi ya kawaida kati ya vinyweleo hupatikana kwa shida, ila utaikuta kwenye mirija ya jasho, vinyweleo, viganja na nyayo. Kumbuka sentensi hii ya mwisho, maana ndiyo itakayokuokoa kwenye chunjua za nyayo.

Hatua ya 2: Jua ni kirusi kipi

Kusema "kidonda cha virusi" hakutoshi. Kila kirusi kina njia yake ya kushughulika na maungio.

Virusi vya papiloma, HPV, vina aina zaidi ya 200. HPV 1 hupenda nyayo. HPV 2, 27 na 57 huleta chunjua za kawaida. HPV 3 na 10 chunjua bapa. HPV 6 na 11 chunjua za sehemu za siri. Vyote huingia kupitia mchubuko mdogo, hufika kwenye seli za tabaka la chini, kisha hupanda pamoja nazo zikikomaa. Chembe kamili za virusi hutengenezwa juu, karibu na tabaka la pembe. Kwa hiyo kidonda kimoja kina hatua zote za maisha ya kirusi zimepangwa kwa wima, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kusoma kwa tabaka.

Aina hatari, kama HPV 16 na 18 za saratani ya shingo ya kizazi, zina protini ya E6 ambayo mkiani mwake kuna kipande kifupi cha asidi amino nne kinachonasa protini zenye sehemu ya kushikia iitwayo PDZ, kama Dlg, Scribble na MAGI-1. Hizo ndizo zinazoipa seli juu na chini na kushikilia maungio mahali pake, na E6 huziharibu. Hiyo ni kazi ya ziada juu ya ile inayojulikana zaidi, ya kuvunja p53, huku E7 ikishughulikia Rb; zote mbili ni protini zinazoizuia seli isigeuke saratani.

Sasa angalia tofauti ambayo wengi huiruka. Virusi vya kundi la beta, kama HPV 5 na 8, vinavyohusishwa na saratani ya ngozi kwa watu wenye epidermodisplasia verusifomisi, ugonjwa wa kurithi unaoiacha ngozi bila kinga dhidi ya virusi hivi, havina mkia huo. E6 yake hushika protini ya MAML1 na kuzuia njia ya Notch, inayoamua ukomaaji wa keratinosaiti, yaani seli kuu za ngozi ya juu. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na Lewandowsky na Lutz mwaka 1922, na jeni zake mbili, EVER1 na EVER2, zikatambuliwa mwaka 2002. Maana yake kwako ni kwamba matokeo ya utafiti wa shingo ya kizazi hayahamishiki moja kwa moja kwenye ngozi ya uso au mkono. Mtu akikuandikia kuwa "HPV huharibu maungio", muulize ni HPV ipi.

Virusi vya hepesi vina habari yao. Mlango wake mmojawapo ni nektini-1, ambayo yenyewe ni protini ya maungio shikizi. Baada ya kuingia, protini zao gE na gI huvisaidia virusi hivyo kusafiri kati ya seli na seli kwenye maungio bila kutoka nje na kukutana na kingamwili. Kwenye slaidi utaona seli zimeachana na nyingine zimeungana kuwa jitu lenye viini vingi.

Kwenye sakoma ya Kaposi seli unazotazama ni za mishipa, kwa hiyo kadherini ya kuipima ni kadherini-VE, siyo E. Kirusi chake, hepesi-8, kiligunduliwa mwaka 1994, na protini yake ya K5 huweka alama ya kuangamizwa kwenye kadherini-VE na maungio ya mishipa yakalegea. Kirusi cha polioma cha seli za Merkel kiligunduliwa mwaka 2008, na hukutwa kwenye takribani asilimia 80 ya saratani za seli za Merkel. Moluska ni ya kundi la virusi vya ndui. Vijumba vyake vikubwa vinavyojaza seli huonekana vizuri kwa rangi ya kawaida, na sioni sababu ya kuipotezea kingamwili isipokuwa iwe ndiyo mada yako.

Hatua ya 3: Chagua kingamwili chache zenye sababu

Mimi huanza na nne: kadherini-E, beta-katenini, koneksini-26 na koneksini-43. Ya tano huchaguliwa kwa swali: klaudini-1 kama unahangaika na kizuizi, desmogleini kama seli zinaachana.

Kadherini-E na beta-katenini zipakwe kwenye vipande vinavyofuatana vya bloku moja ya nta, kwa sababu zinasomwa pamoja. Kadherini ikipungua kwenye utando, beta-katenini hukosa pa kushika, na kuiona ikiingia kwenye kiini ni jambo la kuandikwa. Koneksini-26 na 43 nazo husomwa pamoja kwa sababu mara nyingi huenda kinyume: kwenye ukingo wa jeraha linalopona, 43 hushuka na 26 hupanda.

Ukiwa na nafasi, ongeza langerini au CD1a. Hizo ni alama za seli za Langerhans, seli za kinga za ngozi, ambazo hujishikiza kwa keratinosaiti kwa kutumia kadherini-E, na kwenye vidonda vya HPV vya shingo ya kizazi upungufu wa kadherini hiyo umeonekana ukiandamana na upungufu wa seli hizo. Hapo protini ya maungio inagusa kinga ya mwili. Ni sehemu yenye mengi ya kuchunguzwa.

Hatua ya 4: Simamia kipande kabla hakijafika kwenye nta

Hapa ndipo tafiti nyingi hufa bila mwenyewe kujua. Koneksini huishi muda mfupi. Nusu ya koneksini-43 kwenye seli hubadilishwa ndani ya saa chache tu. Kipande kilichokaa mezani alasiri nzima kikisubiri formalini kinaweza kukuonyesha upungufu ambao haukuwepo kwa mgonjwa. Kitie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa mara kinapotoka, ujazo wa dawa ukiwa angalau mara kumi ya kipande, na kikae kati ya saa 6 na 72. Saa ya kukatwa na saa ya kuingizwa kwenye formalini ziandikwe kwenye fomu.

La pili ni mwelekeo. Chunjua ina mikunjo mirefu inayopanda na kushuka, na kisu kikipita kwa mshazari utaona visiwa vya seli za chini vikielea katikati ya seli za juu. Ukisoma koneksini hapo utasema ipo tabaka la chini, kumbe umekata ncha ya mkunjo. Kipande kisimamishwe wima kwenye nta, ukingo wake ukitazama kisu. Vipande vya kukwangua ni vigumu kusimamisha, na mara nyingi havina kitako; vitenge mapema kwenye orodha yako.

La tatu: omba kipande chenye ngozi nzima pembeni. Milimita mbili za ngozi nzima kwenye slaidi ileile zina thamani kuliko slaidi nzima ya kulinganishia kutoka kwa mtu mwingine, kwa sababu zimepita formalini ileile, nta ileile na rangi ileile.

Kama una uwezo wa kugandisha, hifadhi nusu ya kipande. Okludini na ZO-1 mara nyingi hutoka safi zaidi kwenye kipande kilichogandishwa, kikakatwa kwa unene wa mikromita 5 au 6 na kutiwa kwenye asetoni ya baridi kwa dakika 10.

Hatua ya 5: Paka rangi

Maelezo ya kampuni iliyotengeneza kingamwili yako ndiyo sheria. Yafuatayo ni mpangilio wa kuanzia.

1. Kata mikromita 4 na ubandike kwenye slaidi zenye chaji. Zikaushe kwenye nyuzi 60 kwa saa moja.
2. Ondoa nta kwa zailini, kisha shuka kwenye ethanoli za nguvu inayopungua hadi maji.
3. Fichua antijeni kwa joto la nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20. Jaribu bafa ya sitreti ya pH 6 na ile ya Tris-EDTA ya pH 9 kwenye slaidi za majaribio kabla ya kuchagua moja. Acha ipoe ndani ya bafa kwa dakika 20.
4. Zima kimeng'enya cha peroksidasi kilichomo kwenye tishu yenyewe kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dakika 10.
5. Ziba sehemu zinazonata ovyo kwa seramu au albumini.
6. Weka kingamwili ya kwanza: saa moja kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye nyuzi 4.
7. Osha, weka kingamwili ya pili yenye polima, osha tena.
8. Weka DAB, kromojeni yaani kemikali inayotoa rangi, na uisimamie kwa hadubini. Kwa kawaida dakika 5 zinatosha. Muda utakaouchagua uwe uleule kwa slaidi zote.
9. Himatoksilini kidogo tu. Ikiwa nzito utashindwa kuona beta-katenini kwenye kiini.

Kuhusu DAB, rangi yake ni kahawia, na melanini pia ni kahawia. Kwenye ngozi yenye melanini nyingi, au kidonda chenye melanosaiti zilizoamshwa, tabaka la chini lote linaweza kuonekana "chanya" bila kingamwili hata tone. Njia mbili zinasaidia: tumia kromojeni nyekundu badala ya DAB, au badala ya himatoksilini tumia Giemsa, ambayo huigeuza melanini kuwa ya kijani na kuiacha DAB kahawia.

Slaidi zilizokatwa zisikae miezi droani kabla ya kupakwa, antijeni hufifia. Tunza bloku, kata siku ya kazi.

Hatua ya 6: Weka vidhibiti ambavyo vinaweza kukukatalia

Kidhibiti chanya cha kadherini-E, yaani kinachotakiwa kushika rangi, ni ngozi nzima ya pembeni. Kidhibiti chake hasi kiko palepale chini yake: faibroblasti za demisi, seli za tabaka la ngozi lililo chini ya utando wa msingi, ambazo hazitakiwi kushika rangi. Kwa koneksini-26 tazama mirija ya jasho kwenye slaidi ileile. Ikiwa mirija haina kitu, usiandike kuwa kidonda hakina kitu, rudia upakaji. Kwa beta-katenini ya kwenye kiini tafuta pilomatrikoma, uvimbe wa kinyweleo ambao jeni ya beta-katenini yake huwa imebadilika, na viini vyake huwa kahawia bila ubishi. Slaidi moja katika kila kundi ipite hatua zote bila kingamwili ya kwanza.

Kuna kidhibiti cha aina nyingine ambacho watu hukisahau, na ndicho muhimu kuliko vyote kwenye mada hii. Koneksini-26 hupanda kwenye chunjua, kweli. Lakini hupanda pia kwenye soriasisi na kwenye ukingo wa jeraha. Kinachoipandisha ni ngozi inayozaliana kwa kasi, kuwe na kirusi kusiwe. Ukilinganisha chunjua na ngozi nzima peke yake, utapata tofauti nzuri na utaandika kuwa kirusi ndicho kilichoileta, na hutakuwa umethibitisha chochote. Weka kundi la tatu: ngozi iliyonenepa bila kirusi, kama soriasisi. Na kwa chunjua za nyayo, ngozi ya kulinganishia iwe ya nyayo, kwa sababu iliyokwisha tajwa kwenye hatua ya 1.

Hatua ya 7: Soma

Anza na lenzi ndogo. Usitazame rangi bado. Tazama umbo, tafuta utando wa msingi, tia alama sehemu zilizokatwa mshazari, zilizokufa na zilizopondwa na koleo. Hizo hazisomwi. Tabaka la pembe na kingo za kipande hunywa rangi bila sababu, nazo ziache.

Kisha panda hadi lenzi ya 40 na uulize maswali matatu kwa kila tabaka: mstari wa utando umekamilika au umekatika? Saitoplazimu ina rangi? Kiini kina rangi?

Kadherini-E ikikaa sawa huchora wavu usio na tundu. Koneksini haichori mstari; huonekana kama nukta nukta zilizopangwa kwenye mpaka wa seli mbili, kwa kuwa njia zake hukusanyika kwenye mabaka madogo. Anayetafuta mstari kwenye koneksini-43 ataipa alama ya chini seli iliyo salama kabisa. Na nukta zikiwa ndani ya seli, karibu na kiini, hazipitishi chochote kwa jirani hata zikiwa nyingi namna gani.

Kwenye chunjua ya kawaida, mfano halisi wa kutazama ni huu. Panda kutoka chini kwenye mkunjo mmoja uliosimama wima. Tabaka la chini kadherini-E iko kamili. Unapoingia katikati ya tabaka la miiba, nukta za koneksini-26 zinaanza kutokea, jambo ambalo ngozi ya pembeni haina. Juu zaidi unakutana na koilosaiti: seli zenye uwazi kuzunguka kiini kilichosinyaa. Saitoplazimu yao imeondoka, kwa hiyo swali la pili halina jibu hapo. Soma utando peke yake na uandike hivyo.

Kwenye keratosisi ya jua na ugonjwa wa Bowen, ambavyo ni vidonda vya awali, seli mbaya hazijavuka utando wa msingi. Linganisha nusu ya juu na nusu ya chini ya kidonda, na mpaka kati ya kidonda na ngozi nzima, ambapo mabadiliko hujionyesha kwa hatua chache za seli.

Saratani inayopenya inataka subira. Soma sehemu mbili na uzipe alama mbili: katikati ya uvimbe, na ncha ya uvamizi. Katikati, hasa kwenye lulu za keratini za saratani iliyokomaa, kadherini-E inaweza kuwa nzuri kuliko ulivyotarajia. Kwenye ncha, mahali ambapo seli moja moja zinajitenga na ndimi na kuingia kwenye demisi, mstari hukatika, hufifia, au protini hurudi ndani ya saitoplazimu. Wastani wa sehemu hizo mbili ungeficha jambo lenyewe ulilokuja kulitafuta. Wakati huohuo usidhani kadherini-E ikiwepo basi saratani haipenyi: zipo saratani zinazosonga kwa makundi, seli zikiwa zimeshikana, na utando wao uko imara. Ile aina ya skwamasi ambayo seli zake huachana ndani ya viota nayo isomwe kando, maana pengo unaloliona ni la desmosomu pia.

Koneksini-43 kwenye saratani za ngozi mara nyingi hupungua au hukimbilia ndani. Wazo kwamba seli za saratani huacha kuwasiliana ni la zamani: Loewenstein na Kanno walilionyesha kwenye saratani ya ini ya panya mwaka 1966, kabla neno koneksini halijakuwepo. Lakini usiigeuze koneksini kuwa mlinzi tu. Watu wenye ugonjwa wa KID, ambao jeni yao ya koneksini-26 ina kasoro, hupata ngozi nene, macho kuugua na uziwi, na hatari yao ya saratani ya seli bapa iko juu.

Mitego miwili ya mwisho. Protini ya p16, inayotumika kama ishara ya HPV hatari kwenye sehemu za siri, haiaminiki kwa kazi hiyo kwenye saratani ya ngozi iliyopigwa jua. Huwa chanya bila kirusi. Na DNA ya HPV za kundi la beta hupatikana hata kwenye vinyweleo vya watu wasio na ugonjwa wowote, kwa hiyo PCR, kipimo cha kusaka DNA, ikiwa chanya haikwambii kwamba kirusi ndicho kilichovunja maungio. Kwa waliopandikizwa viungo, ambao hupata saratani ya seli bapa mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, jua, dawa za kushusha kinga na kirusi vyote viko kwa mtu mmoja, na slaidi haiwezi kuvitenganisha peke yake.

Hatua ya 8: Toa alama

Alama ya H ni rahisi: asilimia ya seli zenye rangi hafifu mara 1, za wastani mara 2, za nguvu mara 3, jumlisha. Seli 20 kwa mia hafifu, 30 za wastani na 40 za nguvu zinakupa 20 + 60 + 120, yaani 200 kati ya 300. Udhaifu wake ni kwamba haijui mahali. Seli zenye kadherini-E yote ndani ya saitoplazimu zinaweza kupata 200 ileile. Kwa hiyo toa alama mbili, ya utando na ya saitoplazimu, kwa kila tabaka na kwa kila sehemu ya uvimbe. Kwa koneksini, hesabu nukta kwa urefu wa mpaka au kwa seli.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, jina la kidonda likiwa limefunikwa, kisha mkokotoe kappa, kipimo cha jinsi mnavyokubaliana. Maeneo kumi ya slaidi moja ni mgonjwa mmoja, si wagonjwa kumi. Programu ya takwimu haitakukumbusha hilo.

Hatua ya 9: Andika

Usiandike "kadherini-E: chanya". Andika: "Kadherini-E kamili kwenye utando katikati ya uvimbe, mstari umekatika kwenye ncha ya uvamizi, na rangi hafifu ya saitoplazimu, beta-katenini haimo kwenye kiini, ngozi ya pembeni na demisi vimejibu inavyotakiwa." Taja kloni ya kingamwili, yaani toleo lake hasa, kiwango cha kuizimua, pH ya bafa na muda wa formalini. Kwa koneksini-43 kloni ina uzito wa pekee, kwa kuwa zipo kingamwili zinazotambua tu umbo lisilo na fosfeti mahali fulani, na kimya chake kinaweza kumaanisha protini imebadilika, haikuondoka.

Na kipande kikiwa cha kukwangua, bila kitako, andika kuwa ncha ya uvamizi haikuonekana, uache nafasi ya alama yake wazi badala ya kuweka sifuri.